Tulipunguza saa, hatukupunguza ubora wa mpiga picha: uzoefu wangu wa picha za harusi Dar es Salaam

Nilifunga ndoa Dar es Salaam Jumamosi moja ya mwezi Agosti, ibada ikiwa katika usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) na sherehe ikifuata jioni ile ile katika ukumbi wa Mikocheni. Ninaandika kuhusu huduma ya picha tuliyoipata kwa studio ndogo ya Sinza, kwa sababu nimeona kamati nyingi za harusi zikikata fungu la picha kwa namna inayowaumiza maharusi baadaye, ilhali fungu hilo hilo lina mahali pa kukatwa pasipoumiza mtu. Mimi ninazithamini sana picha za harusi. Chakula huliwa kikaisha na mapambo hubomolewa usiku ule ule, lakini picha ndizo zitakazooneshwa kwa watoto ambao bado hawajazaliwa, na ndizo wazee wetu watakazobaki nazo ukutani.

Makadirio ya kwanza yaliyoletwa kwenye kikao cha kamati yalitoka kwa kampuni kubwa inayoonekana mara kwa mara kwenye kumbi za jijini, nayo yalikuwa shilingi 3,800,000. Ndani yake kulikuwa na wapiga picha wawili, wapiga video wawili, droni, skrini mbili kubwa za ukumbini, picha za kabla ya harusi, safari ya kupiga picha ufukweni baada ya ibada, albamu kubwa mbili zenye jalada la ngozi na fremu moja ya sebuleni. Kazi ingeanza saa 12 asubuhi saluni na kuisha saa 6 usiku. Mweka hazina wetu, ambaye alikuwa akihangaika na ahadi za michango zisizogeuka kuwa fedha, alisema kiasi hicho hakipo, na wajumbe kadhaa wakapendekeza tutafute kijana wa laki nne ili jambo liishe.

Pendekezo hilo sikulikubali, na ninashukuru kwamba baba mdogo, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, alinipa nafasi ya kueleza. Ukumbi wa harusi wakati wa usiku ni mahali pagumu kuliko karibu pote kwa mpiga picha: taa za rangi za mapambo hugeuza nyuso kuwa za zambarau, gauni jeupe linakaa ubavuni mwa suti nyeusi, na ngozi zetu nyeusi zinahitaji mtu anayejua kupima mwanga kwa kamera yake ili sura zisipotee gizani. Mtu wa bei ya chini kabisa mara nyingi ana kamera moja isiyo na akiba na kadi moja ya kumbukumbu, kwa hiyo kifaa kikiharibika katikati ya viapo, hakuna wa kuvirudia. Niliiomba kamati tuyasome yale makadirio mstari kwa mstari na kujiuliza ni kipi hasa tunakilipia, badala ya kumtafuta mtu wa bei rahisi kwa orodha ile ile ndefu.

Tulipoisoma hivyo, tuligundua kwamba sehemu kubwa ya fedha ilikuwa inanunua muda wa kusubiri. Harusi nyingi za kikristo jijini hufungwa asubuhi au mchana, ibada ikaisha saa 7 au saa 8, na ukumbi ukafunguliwa saa 1 usiku. Katikati pana muda wa saa tano au sita ambao maharusi huzungushwa na msafara wa magari, matarumbeta yakiwa mbele, kwenda ufukweni au kwenye bustani ya hoteli inayotoza ada ya kupigia picha, na wapiga picha wanalipwa kwa muda wote huo pamoja na ule wa kukaa kwenye foleni. Tena picha zenyewe hupigwa wakati mbaya, jua likiwa juu, vivuli vyeusi vikiwa vimejaa kwenye mashimo ya macho, vipodozi vinayeyuka kwa jasho na gauni jeupe linawaka kiasi kwamba urembo wake hauonekani.

Tulimwomba mchungaji ibada iwe saa 9 alasiri, naye alikubali kwa kuwa hapakuwa na ndoa nyingine siku hiyo. Badiliko hilo moja ndilo lililotuokolea fedha nyingi kuliko yote. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na dakika kumi hivi na saa 12 na dakika hamsini hivi jioni mwaka mzima, kwa hiyo ibada iliyoisha saa 10 na nusu ilituacha na nafasi ya kutosha kupiga picha za ukoo kwenye uwanja wa kanisa, kisha picha zetu wawili chini ya miti iliyo nyuma ya nyumba ya mchungaji, mwanga ukiwa laini na wa dhahabu. Hatukwenda ufukweni wala hatukulipa ada ya bustani, na magari ya msafara yalikodiwa kwa muda mfupi zaidi, jambo ambalo lilipunguza hata fungu la usafiri.

Ukumbini nako tulipanga upya ratiba pamoja na mshereheshaji. Kwa kawaida keki na zawadi husogezwa hadi karibu na mwisho, na hapo ndipo saa za mpiga picha zinapoongezeka. Sisi tuliweka kuingia ukumbini, utambulisho wa familia, shampeni, keki na zawadi za wazazi wa pande zote mbili kabla ya chakula, ili mpiga picha amalize saa 3 usiku. Zawadi za makundi mengine na dansi zilifuata baada ya chakula, na hizo zilipigwa kwa simu za wageni. Mshereheshaji mwanzoni alisita, akisema watu wenye njaa hawashangilii, lakini alikubali baada ya kamati kuruhusu vitafunwa vipitishwe mapema. Ninaona hilo lilisaidia pia wazazi wetu, ambao hawakulazimika kukesha wakisubiri zamu yao.

Kwa muda huo mfupi, kutoka saa 8 mchana hadi saa 3 usiku, studio ya Sinza ilitutoza shilingi 1,150,000 kwa mpiga picha mmoja mzoefu na msaidizi wa kushika taa. Video tuliichukua kando kwa mtu mwingine, shilingi 300,000, kwa ajili ya ibada peke yake. Droni tuliifuta bila majadiliano marefu: inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na picha ya paa la kanisa haimwoneshi mtu yeyote tunayempenda. Skrini kubwa, picha za kabla ya harusi na albamu za ngozi zilifutwa pia.

Namna nilivyomchagua mpiga picha huyu inastahili maelezo, maana hapo ndipo wengi hudanganywa na kurasa za Instagram. Kila studio huweka picha zake kumi nzuri za ufukweni wakati wa machweo, na karibu mtu yeyote hupata picha nzuri pale. Niliomba kila studio inioneshe picha zote za harusi moja kamili, tangu bibi harusi anavaa hadi ukumbini, na hasa picha za ukumbini usiku. Baadhi walikataa, wengine walileta picha ambazo nyuso za wazee zilikuwa giza tupu. Huyu wa Sinza alifungua kompyuta yake bila kusita, na nilichokipenda zaidi ni kwamba wazee na watoto walikuwa wamepigwa kwa uangalifu ule ule aliopewa bibi harusi.

Tuliandikiana mkataba wa kurasa mbili, na ninamsihi kila anayepanga harusi asikubali makubaliano ya mdomo hata kama mpiga picha ni jirani au ndugu. Mkataba ulitaja saa za kuanza na kumaliza, bei ya kila saa itakayozidi, idadi ya chini ya picha zilizosafishwa rangi, tarehe ya kukabidhi, na jina la mpiga picha atakayekuja, kwa sababu zipo studio zinazoonesha kazi ya bwana mkubwa kisha zikamtuma mwanafunzi wake. Ulitaja pia kwamba kamera iandike kila picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, kwamba tutapewa mafaili yenye ukubwa kamili tunayoweza kuchapisha popote, na kwamba hakuna picha yetu itakayowekwa mtandaoni kabla ya sisi kuiona na kuiruhusu. Tulilipa nusu siku ya kusaini, robo asubuhi ya harusi, na robo iliyobaki ilikaa kwa mweka hazina hadi picha zilipokabidhiwa. Bila robo ile ya mwisho, kamati haina namna ya kumharakisha mtu ambaye tayari ana harusi nyingine kila Jumamosi.

Picha za ukoo tuliziandikia orodha, na kazi ya kuwaita watu tulimpa shangazi, ambaye anamfahamu kila mmoja na ambaye hakuna anayethubutu kumkaidi. Orodha ilianza na wazee wasioweza kusimama muda mrefu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa amesafiri kutoka Machame, Kilimanjaro, na nilitaka apigwe picha akiwa ameketi, kwanza kabisa, kabla ya mtu mwingine yeyote. Baada yake wakafuata wazazi, wajomba na mashangazi wa kila upande, binamu, kwaya, na wafanyakazi wenzetu mwishoni. Pasipo orodha, kundi hukusanywa, mjomba mmoja hayupo, anatafutwa, na wakati anapopatikana wengine wameshatawanyika. Muda unaopotea hivyo ni muda uliolipiwa.

Jambo jingine ambalo halikugharimu chochote ni taa. Nilimwomba mpambaji aweke taa nyeupe zenye joto kidogo upande wa mbele wa jukwaa letu, na zile za rangi azielekeze kwenye mapazia ya nyuma. Mpiga picha alisema ombi hilo lilimpunguzia kazi kubwa ya kurekebisha rangi, na ninaamini ndilo lililofanya nyuso za wageni wa meza kuu zionekane kama zilivyo.

Huduma hii haikukosa mapungufu, na ningependa wanaofikiria kufuata njia yetu wayajue. Kwa kuwa mpiga picha alikuwa mmoja, maandalizi ya bwana harusi nyumbani kwao hayakupigwa kabisa. Tuna picha chache tu za simu alizopiga mpambe wake, na mama mkwe alilisikitikia jambo hilo waziwazi. Kama fedha ingeruhusu, ningeongeza mpiga picha wa pili kwa saa mbili za mwanzo pekee. Toleo la kwanza la picha lilikuja na ngozi zetu zikiwa zimeng'arishwa kupita kiasi, nami nikaonekana mweupe kuliko nilivyo. Nilizirudisha kwa maelezo ya heshima, na studio ilizirekebisha bila kudai malipo, ingawa hilo lilichelewesha makabidhiano kupita tarehe ya mkataba. Kuhusu video, sijutii kukata ile ya ukumbini, lakini ile ya ibada ningeilipia tena hata kwa bei ya juu zaidi, kwa kuwa sauti ya baba akinikabidhi kwa mume wangu haiwezi kusikika kwenye picha.

Albamu tulijitengenezea wenyewe. Tulichagua picha kwa utulivu baada ya kurudi kazini, tukazichapisha kwenye duka la picha Kariakoo, tukanunua albamu za kawaida za kubandika pamoja na fremu tatu: moja yetu, moja ya wazazi wangu, moja ya wakwe. Yote hayo yaligharimu shilingi 240,000, na jumla ya fungu zima la picha na video ikawa shilingi 1,690,000 mahali pa zile 3,800,000 za mwanzo. Picha za wageni tulizikusanya kwa WhatsApp, lakini mdogo wangu aliwaelekeza wazitume kama nyaraka, kwa sababu programu hiyo hupunguza ubora wa picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida, na picha iliyopunguzwa haifai kuchapishwa kwa ukubwa wa fremu.

Kwa anayepanga tarehe sasa hivi, Desemba ni mwezi wa bei za juu, kwa kuwa ndugu wengi wako likizo na kila Jumamosi ina harusi. Wiki zinazofuata Pasaka nazo hujaa, kwani madhehebu kadhaa hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima na wenye haraka huwa wamekwisha kujipanga. Studio tuliyoitumia ilikuwa tayari kupunguza bei zaidi kama tungefunga ndoa Alhamisi au Ijumaa. Sisi hatukuweza, maana ndugu wa mkoani walihitaji siku ya kusafiri, lakini kwa familia ambayo watu wake wengi wanaishi jijini, hilo ni swali la kumwuliza mpiga picha kabla ya kulipia ukumbi.