Uzoefu Wangu wa Kukodi Gari Kuzunguka Pwani ya Northumberland Majira ya Kuchipua

Kwa yeyote anayefikiria kukodi gari kwa mapumziko ya majira ya kuchipua katika pwani ya Northumberland, kaskazini-mashariki kabisa mwa England, maoni yangu ni kwamba pwani yenyewe inastahili gharama yake yote na gari linastahili kwa sehemu kubwa, lakini safari isipangwe kwa kuanza na hoteli wala barabara. Ianze na jedwali la maji kujaa na kupwa.

Eneo lenyewe si kubwa. Kutoka Berwick-upon-Tweed hadi mdomo wa mto Coquet ni kilomita 64 hivi, na tangu mwaka 1958 mandhari yake inalindwa kisheria, hivyo hakuna misururu ya mahoteli iliyoziba bahari. Dereva mwenye haraka anaweza kuimaliza asubuhi moja. Tuliitengea siku kadhaa kwa sababu vivutio vyake viwili vikubwa, yaani kisiwa cha Lindisfarne na ndege wa visiwa vya Farne, havifuati saa ya mgeni.

Lindisfarne ndipo mtawa Aidan alipoanzisha monasteri mwaka 635, na ndipo Wavikingi waliposhambulia mwaka 793. Barabara ya kufika huko imepita juu ya sakafu ya bahari, na hufunikwa na maji mara mbili kwa siku, kila mara kwa takriban saa tano. Halmashauri ya Northumberland hutoa jedwali la saa salama za kuvuka, tarehe kwa tarehe, na kwa kuwa maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, saa zinazokufaa Jumatatu hazitakufaa Ijumaa. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, alilitazama jedwali hilo mezani na kabla sijamaliza kueleza alikwisha kuuliza mwezi wa angani una siku ngapi. Swali lake ndilo lililotupangia safari. Katika pwani hii, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa alasiri, kwa hiyo barabara hufungwa katika saa zile zile ambazo mtu angependa kutembea. Siku za maji mafu, yaani maji madogo ya nusu mwezi, hujaa asubuhi na usiku, na mchana unabaki wazi. Tulichagua kwanza siku ya kisiwa, tukitafuta maji mafu, kisha ndipo tukaweka nafasi ya nyumba ya kulala karibu na Bamburgh kwa kuzunguka siku hiyo.

Programu ya ramani kwenye simu haijui lolote kati ya haya. Ilituonyesha njia ya kwenda kisiwani kana kwamba ni barabara ya kawaida, ikataja na dakika za kufika. Haikutaja pia kwamba kabla ya kuufikia ufuo, pale Beal, barabara inakatiza reli kuu ya London kwenda Edinburgh, na vizuizi vya reli vikishushwa unasubiri treni ipite wakati saa yako ya kuvuka inayoyoma. Kwa kupanga njia nilitegemea zaidi ramani za karatasi za Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani, za mfululizo wa Landranger, namba 75 kwa upande wa Berwick na namba 81 kwa upande wa Alnwick. Kwa kipimo cha 1:50,000 zinaonyesha vijia, maegesho na maeneo yanayofunikwa na maji, na hazihitaji mtandao, ambao vijijini huku hukatika mara kwa mara.

Tulipofika ukingoni jedwali lilikuwa limeshafungua njia, lakini lami ilikuwa bado imelowa, mwani umelala katikati ya barabara na vidimbwi vya maji ya chumvi vimebaki pembeni. Mama akasema, “Mwanangu, maji haya ndiyo kwanza yanaondoka, kuna haraka gani?” Tukasubiri. Kando ya njia kuna kibanda cheupe kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, ambacho ni kimbilio la watu waliokamatwa na maji, na kila mwaka waokoaji huitwa kuwatoa madereva waliodhani wangewahi. Mkataba wetu wa gari, kwa taarifa ya msomaji, ulisema wazi kwamba uharibifu wa maji ya bahari haumo kwenye bima.

Sasa nije kwenye gari. Sikukodi London. Treni kutoka King’s Cross hadi Newcastle huchukua kama saa tatu, na kukodi gari huko kunakuepusha na kilomita 450 hivi za barabara kuu zisizo na cha kutazama. Mgeni kutoka Tanzania, Kenya au Uganda anaruhusiwa kuendesha kwa leseni ya kwao hadi miezi 12, na kwa kuwa huku pia tunapita kushoto, mwili hauhitaji kujifunza upya. Mkazi aliyepitisha miezi hiyo 12 lazima awe amefaulu mtihani wa huku, na kampuni itaomba namba ya siri ya mtandaoni inayoonyesha rekodi yake ya leseni, ambayo hudumu siku 21 tu. Ukiichukua mapema mno itakuwa imekwisha siku ya kufika kaunta.

Kaunta ndiko subira yangu ilikojaribiwa. Bei niliyoilipa mtandaoni ilikuwa nzuri, lakini mhudumu alianza kwa kunieleza kwamba gari likipata mkwaruzo ningewajibika kwa zaidi ya pauni elfu moja, kisha akajaribu kuniuzia kinga ya kila siku ambayo ingekaribia kuongeza bei maradufu. Nilikataa, kwa kuwa bima ya aina hiyo nilikwisha kuinunua kutoka kwa kampuni nyingine kwa bei ndogo zaidi, na nilikuwa na kadi ya mkopo yenye nafasi ya kutosha kwa amana wanayoizuia. Yeyote mwenye kadi ya benki ya kawaida tu aulize mapema, kwani wengi huikataa. Aulize pia kuhusu gari la otomatiki, maana ni machache na huwa ghali kuliko ya gia, na kiti cha mtoto, ambacho sheria inakidai hadi mtoto afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135.

Gari dogo tulilopewa lilikuwa safi na lilitufaa kabisa. Narudia neno dogo. Barabara za B1339 na B1340 zinazofuata pwani ni nzuri, lakini vichochoro vya kuingia vijijini vina upana wa gari moja, vimebanwa na michongoma kila upande, na ukikutana na trekta mmoja wenu atarudi nyuma hadi kwenye nafasi ya kupishana. Alama nyeupe yenye mstari mweusi inaruhusu maili 60 kwa saa, yaani kama kilomita 96, hata kwenye vichochoro hivyo. Ni kikomo, si ushauri. Barabara kuu ya A1 kaskazini mwa Morpeth bado ina sehemu za njia moja kila upande, na mpango wa kuipanua ulifutwa mwaka 2024, hivyo foleni nyuma ya lori ni jambo la kuzoea. Vipilefti havikunisumbua.

Siku yetu ya visiwa vya Farne ilivunjika kwa sababu ya mawimbi, na mwenye boti pale bandari ya Seahouses akatuhamishia kesho yake bila malipo ya ziada. Kwa hiyo usiiweke safari ya boti siku ya mwisho. Ndege aina ya pafini, wenye midomo ya rangi nyingi, hukaa huko kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Julai na hutaga ndani ya mashimo ardhini. Kuanzia Mei wapo pia buabua, ambao hudonoa vichwa vya wapitao karibu na viota vyao, na kofia si pambo. Ngome ya Bamburgh inapendeza zaidi kutoka ufuoni kuliko ndani. Craster nilikupenda: unaacha gari kwenye maegesho ya kuingilia kijiji, unatembea kilomita mbili kando ya bahari hadi magofu ya Dunstanburgh, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1313, kisha unarudi kula samaki wa heringi waliokaushwa kwa moshi wa mwaloni.

Jiandae na baridi. Mwezi Aprili mchana huwa nyuzi 10 hadi 12, na upepo wa baharini huleta ukungu unaoweza kufunika pwani wakati kilomita chache bara kuna jua. Fidia yake ni mwanga, kwani katikati ya Mei jua linazama baada ya saa tatu usiku.

Wakati wa kurudisha gari, mhudumu alionyesha mkwaruzo kwenye rimu ya mbele kushoto, na siku chache baadaye nikapokea dai la malipo. Niliwatumia video niliyoipiga siku ya kuchukua gari, inayoonyesha rimu hiyo kwa karibu ikiwa na mkwaruzo huo huo, na baada ya barua pepe kadhaa dai likafutwa. Kwa gari ninawapa nyota nne kati ya tano, kwa kaunta mbili. Ningekodi tena hapo, ila ningechagua majuma yaliyo kati ya sikukuu ya mwanzo wa Mei na likizo ya shule ya mwisho wa mwezi huo, wakati pafini wapo, nyumba za kulala zimeshuka bei, na maegesho ya Seahouses bado yana nafasi saa nne asubuhi.