Seti ya mkaa na penseli ya vipande 35: uzoefu wangu Unguja

Seti hii huja katika mkoba mweusi wa zipu na hupatikana kwenye baadhi ya maduka ya vifaa vya skuli mjini. Jina lililochapwa juu ya mkoba hubadilika, lakini vilivyomo ni karibu vilevile: penseli 12 za grafiti kuanzia 4H (ngumu) mpaka 8B (laini), penseli 3 za mkaa, vijiti vya mkaa mtupu, vipande vya mkaa wa kubanwa, raba mbili, vijiti vya karatasi vya kusugulia, kichongeo, kibao cha msasa na daftari dogo. Mimi naitumia kuchorea vitu tuli: dele la shaba (birika la kahawa), vikombe vya kahawa, chetezo, nazi, komamanga. Kwa hiyo naipima kwa kazi hiyo tu, mchoro unaotaka kufanana na kitu chenyewe.

Nitangulize hukumu: kilicho bora ndani ya mkoba ni vile vijiti vyembamba vya mkaa ambavyo wengi huvitupa kwa kuvidhania takataka. Kilicho kibovu ni daftari. Vingine vyote viko katikati, na faida yake inategemea unavitumia kwa mpangilio gani.

Vijiti hivyo ni matawi yaliyochomwa bila hewa, hayana gundi ndani yake. Ndiyo maana alama yake hufutika kwa kitambaa kikavu cha pamba. Vunja kipande cha sentimita 3, kilaze ubavu, ujaze sehemu zote za kivuli kwa mara moja bila kuhangaikia mistari. Pangusa. Kitakachobaki ni kijivu hafifu ambacho juu yake unaweza kusahihisha umbo mara nyingi bila karatasi kuumia. Hapo ndipo pa kupima: nyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, fumba jicho moja, linganisha urefu wa dele na upana wa tumbo lake kwa penseli. Midomo ya vikombe nayo isahihishe hapa hapa. Duara linaloonekana kwa ubavu halina kona kwenye ncha zake mbili, na ukiwa unaangalia kwa juu, duara la kitako huonekana limefunguka zaidi, si bapa kama la mdomo. Kosa hili likipita hatua ya mkaa mtupu, hakuna kivuli kitakacholificha baadaye.

Mkaa wa jikoni hauwezi kuchukua nafasi yake. Ni mti mgumu, umeungua kwa viwango tofauti, na una chembe zinazokwaruza karatasi. Mkwaruzo huo hubaki hata rangi ikifutwa.

Penseli za grafiti za seti hii zinaridhisha kuanzia HB mpaka 4B. Zile za H zina chembe ngumu na huchimba mfereji kwenye karatasi laini. Nimezibadilisha kwa 2H moja ya Faber-Castell 9000, ambayo huteleza bila kuchimba. Alama za H na B zinatokana na mchanganyiko wa grafiti na udongo, njia aliyoibuni Nicolas-Jacques Conté huko Ufaransa mwaka 1795, wakati vita vilipoikatia nchi yake grafiti ya Uingereza. Udongo ukizidi, kiini huwa kigumu na cheupe. Grafiti ikizidi, huwa laini na cheusi. Lakini hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote, na 6B ya seti hii inakaribia 4B ya kampuni kubwa. Kabla ya kuanza, jaza vijisanduku vitano pembeni ya karatasi, kutoka cheupe mpaka cheusi, uone kila penseli inafika wapi hasa.

Penseli ya 8B ndiyo inayowadanganya watu. Wanaikandamiza wakitafuta weusi, wanapata kijivu kinachong'aa. Sababu ni kwamba chembe za grafiti ni bapa; ukizikandamiza zinalala pamoja na kurudisha mwanga. Weusi wa kweli ni kazi ya mkaa, ambao haung'ai. Na mpangilio hapa hauna mjadala: mkaa utangulie mahali pote patakapokuwa peusi, grafiti ibaki kwenye mwanga na kivuli cha kati. Ukianza na grafiti nzito, vishimo vya karatasi vinajaa utelezi na mkaa unakosa pa kushika. Ndani ya kifuu cha nazi, chini ya tumbo la dele na kwenye mstari mwembamba ambapo kitu kinagusa meza, paache bila grafiti kabisa.

Mkaa wa kubanwa una gundi, hivyo ukishaweka haurudi nyuma. Wa seti hii una vipande vigumu vinavyochora mikwaruzo ya kijivu katikati ya weusi. Uutumie mwishoni tu, baada ya kuujaribu pembeni.

Kichongeo kiweke kando. Kinavunja viini vya penseli za mkaa, na wembe wake hushika kutu haraka kwa hewa yetu ya chumvi. Tumia wembe wa kawaida: ondoa mti sentimita 2, acha kiini kitokeze kama sentimita 1, kisha kinoe kwenye msasa huku ukikizungusha. Penseli iliyoanguka sakafuni huwa imevunjika ndani hata kama nje ni nzima, basi usishangae kiini kikitoka vipande vipande.

Raba ya kijivu inayokandwa kama unga wa chapati ni nzuri. Usisugue nayo, ibane iwe na ncha, gusa, inua. Mng'aro wa shaba una kingo kali, tofauti na wa chungu ambao hufifia taratibu, na raba hii hutoa zote mbili. Kwenye joto hulainika na kunata, kwa hiyo itunze ndani ya kopo. Kusugua kwa kidole sikubaliani nako hata kidogo: mafuta ya ngozi huacha doa ambalo raba hailiinui.

Sasa daftari. Karatasi yake ni nyembamba na laini, haina meno ya kushika mkaa, na ukifuta mara mbili inatoa manyoya. Nunua karatasi ya gramu 160 kwa mita ya mraba au zaidi, yenye uso wa kukwaruza kidogo. Canson Mi-Teintes ina uzito huo. Upande mmoja una vishimo vikubwa, wa pili ni laini zaidi, na huo wa pili ndio unaofaa kwa vitu vidogo vidogo kama karafuu kavu. Masika ndiyo mtihani. Karatasi hunywa unyevu, hujikunja, na penseli huzama badala ya kuteleza. Zihifadhi zikiwa zimelazwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, na weka karatasi safi chini ya kiganja unapochora, maana jasho huharibu kazi kuliko unavyodhani.

Kuhusu mwanga, ushauri wa vitabu vya Ulaya wa kutumia dirisha la kaskazini hautufai mwaka mzima. Unguja iko takriban digrii 6 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwisho wa Machi mpaka Septemba jua hupita kaskazini yetu, na dirisha lisiloingia jua ni la kusini. Novemba mpaka Januari ni kinyume chake. Taa nyingine zizime zote. Vivuli viwili vya kitu kimoja vinaua umbo. Na feni nayo izime, au uielekeze mbali, kwani vumbi la mkaa halina gundi.

Seti haina dawa ya kushikiza mkaa, na hili ni pungufu kubwa. Ukiagiza kupitia msafiri wa ndege, kopo la kupuliza haliruhusiwi kwenye mizigo kwa kuwa linashika moto. Ukilipata, pulizia nje au dirishani kutoka sentimita 30, safu mbili au tatu nyepesi, kila moja ikauke kwanza. Siku ya mvua subiri: unyevu unaweza kuiacha na ukungu mweupe. Vijivu vyepesi husogea kidogo kuelekea weusi, basi mng'aro wa dele uuache mweupe kupita unavyouona. Dawa ya nywele watu huitumia, lakini huweza kuigeuza karatasi kuwa ya manjano. Mchoro ukienda kwenye fremu, weka ukingo wa kadibodi kati yake na kioo ili mchoro usiguse kioo, la sivyo utanata na kushika koga.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Kwa anayeanza inatosha, mradi fedha ya karatasi aiweke kando mapema. Aliyekwisha kuchora kwa muda atafaidika zaidi akinunua vitu vyake kimoja kimoja: pakiti ya mkaa mtupu, penseli laini ya mkaa, 2H, HB, 2B, 4B na raba ya kukanda.