Rojo la asai lililogandishwa: ladha safi, lebo isiyotaja miti

Rojo la asai, tunda dogo la mti wa jamii ya mnazi unaoota Amazon, likiwa limegandishwa bila kutiwa sukari wala sharubati ya guarana (tunda jingine la huko), nalipa alama za juu kwa ladha. Rangi yake ni zambarau inayokaribia weusi, lina mafuta kidogo yanayobaki ulimini, na uzito wake unaonyesha kwamba halikuzimuliwa kwa maji mengi. Tunda hili huharibika upesi mno baada ya kuchumwa, hivyo kuligandisha ni uamuzi wa busara.

Kinachonisumbua ni pakiti yenyewe, ambayo imechorwa msitu mnene na kuandikwa "kilimo hai". Maneno hayo humhakikishia mnunuzi kwamba hakuna mbolea wala dawa za viwandani zilizotumika, lakini hayamwambii ni miti mingapi ya aina nyingine iliyoachwa imesimama. Jimbo la Pará, linalotoa zaidi ya asilimia 90 ya asai ya Brazili, huchuma sehemu kubwa ya tunda hilo katika misitu ya várzea, ambayo hufunikwa na maji ya mto yanapojaa kwenye mlango wa Amazon. Humo asai hujiotea yenyewe, kwa kawaida mashina 50 hadi 100 kwa hekta, kila shina likiwa na vigogo kadhaa. Soko lilipopanuka, miche ya miti mingine ilianza kufyekwa, miti mikubwa kama andiroba na ucuúba ikaangushwa ili mwanga ushuke, na machipukizi ya asai yakaachwa yajaze nafasi, hata baadhi ya maeneo yakapita mashina 1,000 kwa hekta. Watafiti wa Makumbusho ya Emílio Goeldi, mjini Belém, wameonyesha kwamba aina za miti hupungua sana mashina yanapozidi 200.

Siwalaumu wakazi wa visiwa vya mlango huo wa Amazon, maana tunda hili limewapa sababu ya kutouza vigogo vya asai kwa viwanda vinavyotoa kiini chake laini kinacholiwa. Hata hivyo hasara huwarudia wao wenyewe, kwa kuwa maua ya asai huchavushwa na nyuki wasiouma na wadudu wengine wanaotegemea msitu, na wengi wa nyuki hao hujenga viota katika mashimo ya miti mikongwe.

Kwa ladha natoa nyota tano. Kwa lebo, mbili. Ya tatu nitaiongeza siku pakiti itakapotaja idadi ya mashina kwa hekta.