Boti ya Xiamen hadi Kinmen: huduma nzuri, ratiba iliyo mikononi mwa wanasiasa

Boti zinazofanya safari kati ya gati la Wutong, mjini Xiamen katika jimbo la Fujian nchini China, na gati la Shuitou katika kisiwa cha Kinmen kinachotawaliwa na Taiwan, zina huduma nzuri kuliko nilivyotarajia, na kasoro zake kubwa hazitokani na boti zenyewe. Safari huchukua takribani nusu saa, viti ni safi, mizigo hupokelewa bila vurugu, na kiyoyozi hufanya kazi kupita kiasi.

Jambo la kuangalia mapema ni viza. Serikali ya Beijing huihesabu Taiwan kuwa sehemu ya China, lakini ofisa uhamiaji wa Wutong hugonga muhuri wa kutoka katika pasipoti ya mgeni, na mwenye viza ya kuingia mara moja huwa ameimaliza papo hapo. Mtaiwan, kwa upande wake, huingia China Bara kwa kibali maalumu kinachotolewa na Beijing, kwa sababu kuipokea pasipoti yake kungekuwa sawa na kuitambua serikali iliyoitoa. Utaratibu huu unachosha, ingawa foleni husogea.

Ni vigumu kuipima huduma hii bila kukumbuka kwamba tarehe 23 Agosti 1958 majeshi ya Bara yalianza kukishambulia kisiwa hiki kwa mizinga, yakavurumisha makombora zaidi ya 400,000 katika siku 44, na kwamba mizinga hiyo haikunyamaza kabisa hadi Januari 1979. Boti zenyewe zilianza Januari 2001, wakati ndege za moja kwa moja kati ya pande hizo mbili zikiwa bado marufuku, na wenye viwanda wa Kitaiwan waliowekeza Fujian wakapata njia ya kukwepa mzunguko wa kupitia Hong Kong. Leo mafundi wa Kinmen hufua visu vya jikoni kutokana na chuma cha makombora yaleyale, na wageni kutoka Bara ni miongoni mwa wanunuzi. Changu ni kizito kidogo, lakini hukata nyama vizuri. Kisu hicho kiwekwe kwenye mzigo mkubwa, si mkoba wa mkononi.

Kuhusu uhakika wa safari, nina mashaka. Ukungu wa majira ya kuchipua huahirisha safari, na hilo linavumilika. Lisilotabirika ni siasa: huduma ilisitishwa Februari 2020 kwa sababu ya korona na haikurejea hadi Januari 2023, tena kwanza kwa wakazi wa visiwani, huku maji ya kunywa kutoka Jinjiang, mji mwingine wa Fujian, yakiendelea kufika Kinmen kwa bomba la chini ya bahari lililozinduliwa Agosti 2018. Watalii nao hufunguliwa na kufungiwa. Mwaka 2019 Beijing ilisimamisha vibali vya watu binafsi kuzuru Taiwan, na mwaka 2024 ikawaruhusu tena wakazi wa Fujian kwenda Kinmen, kisiwa ambacho biashara yake huwategemea sana.

Kwa anayeishi Fujian na anayetaka kufika Taipei, naipendekeza: kutoka Kinmen utapanda ndege ya ndani. Usikate tiketi ya ndege inayokaribiana mno na muda wa boti, hasa kati ya Machi na Mei, msimu wa ukungu.