Kasha la kusafirishia gitaa ng'ambo: tazama kwanza chini ya kichwa

Boksi lilifika zima. Pembe zote zilikuwa zimenyooka, na ndugu yangu niliyemtumia gitaa alinipigia simu ya video ili tulifungue pamoja. Alipoinua kifuniko cha kasha, nikaona nyuzi zimelegea na kujikunja ovyo juu ya shingo. Kichwa kilikuwa kimekatika palepale kinapoungana na shingo, kinaning'inia kwa nyuzi tu. Na lile kasha lilikuwa jipya, gumu, la bei ya juu, nililolinunua kwa ajili ya safari hiyo moja.

Tangu siku hiyo, unene wa ganda na uzuri wa kufuli haunishughulishi. Natazama sehemu moja ambayo wauzaji hawaipigi picha: nafasi iliyo chini ya kichwa cha gitaa.

Magitaa mengi yana kichwa kilichoinama kwenda nyuma. Kwenye Gibson Les Paul nyingi mwinamo huo ni digrii 17. Pale kinapoanza kuinama, mbao imekatwa mshazari, na hapohapo imechimbwa ili kupitisha chuma cha kunyooshea shingo. Ndipo mahali dhaifu kuliko pote, halafu mbele yake kuna uzito wa vyuma vyote sita vya kukazia nyuzi. Boksi likidondoka chali, mwili wa gitaa unapokewa na sponji, shingo inashikwa na mto wake, lakini kichwa kinaendelea kwenda kwa sababu hakuna cha kukizuia. Gitaa linavunjika bila boksi kupata hata mchubuko.

Kabla ya kulipa, fanya hivi. Finyanga karatasi iwe kama mpira mdogo, iweke chini ya kichwa, laza gitaa, funga kasha, kisha fungua. Karatasi ikitoka duara kama ilivyoingia, hapo pana shimo. Rudia kwa upande wa juu, kati ya kichwa na kifuniko. Halafu funga, linyanyue kasha na ulitikise taratibu; ukisikia "du, du" ndani, ujue gitaa linatembea.

Kati ya makasha, kwangu nafasi ya kwanza ni ya kampuni ya Hiscox, aina ya Liteflite, na sifichi kwamba naipendelea. Hutengenezwa Uingereza: nje plastiki ngumu, ndani povu gumu lililogandishwa moja kwa moja kwenye ganda, na umbo la ndani linafuata umbo la gitaa. Povu hilo pia linachelewesha joto na baridi kupenya, jambo la maana kwa mbao zinazopita uwanja wa ndege wenye jua kali kisha zikaingia tumbo la ndege. Ila pima gitaa lako kwa futi kabla ya kuagiza. Ukikosea saizi, faida yote imepotea, na hata kwa Hiscox bado ninajaza kitambaa laini chini na juu ya kichwa, kiguse bila kusukuma.

Ya pili ni kasha la plaiwudi lenye mgongo wa mbinuko. Ni imara na linarekebishika kwa sponji, lakini mengi yana lile shimo, na langu lilikuwa la aina hii. Ya tatu ni SKB, yale makasha ya mstatili yasiyopitisha maji. Kama unasafiri nalo mwenyewe na litashushwa kwenye mizigo, ni kinga nzuri sana. Kwa kutuma kama kifurushi, ukubwa wake utakuumiza. Makasha ya povu jepesi na mabegi laini ni ya kwendea mazoezini, usiyatume ng'ambo.

Kuhusu ukubwa, hapa ndipo watu wanapoumia bila kuelewa. Kampuni nyingi za vifurushi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawa kwa 5,000, na jibu hilo likizidi uzito wa mizani, ndilo unalolipia. Boksi la 120 kwa 50 kwa 25 linahesabiwa kilo 30, hata kama mizani inasoma 8. Ukipunguza kimo hadi 20, unalipia 24. Kwa hiyo kasha linalofuata umbo la gitaa linakupa nafasi ya karatasi na sponji pande zote bila kununua boksi kubwa zaidi.

Nyuzi zilegeze kiasi, usizitoe zote. Kwenye gitaa la akustika seti nyepesi ya nyuzi za chuma huvuta kwa zaidi ya kilo 70, na mvuto huo ndio unaomalizia kichwa kikishapata ufa. Kama gitaa ni la zamani, uliza mbao zake kabla hujafunga boksi: rozwudi ya Brazili, Dalbergia nigra, imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1992, na haivuki mpaka bila kibali. Rozwudi nyingine, kwenye ala iliyokamilika, zilisamehewa mwaka 2019.

Kinachoniuma mpaka leo ni bima. Nililipia thamani yote ya gitaa, nikajaza fomu, nikangoja wiki sita, nikajibiwa kwa sentensi moja: ufungaji wa ndani haukutosha. Muuzaji wa kasha naye akasema kasha halikuvunjika, hivyo halimhusu. Wote wawili walijua kasha linauzwa kama la safari, na hakuna aliyewahi kuniambia juu ya kichwa.

Watu wa bima waliniomba picha za ndani kabla boksi halijafungwa, nami sikuwa nazo. Sasa napiga tano: kichwa kwa pembeni, kichwa kwa juu, kasha wazi, kasha ndani ya boksi, na boksi likiwa na lebo.