Kasha la spika nililolijenga mwenyewe kwa plaiwudi ya milimita 18: uzoefu wangu baada ya miaka miwili ya jukwaani

Kasha langu la kwanza lilikuwa la ubao wa maranda yaliyoshindiliwa kwa gundi. Msimu mmoja tu wa maonyesho, pembe zikavimba kwa unyevu, skrubu zikapoteza mshiko, na kila gita la besi liliposhuka chini kasha lilitetemeka kama bati lililolegea. Wufa yenyewe, yaani spika ya sauti nzito, ya inchi 12, ilikuwa nzima kabisa. Nikaijengea nyumba mpya kwa plaiwudi ya bachi, mti wa nchi za baridi, milimita 18, ile yenye tabaka 13. Nimeibeba, nimeiangusha mara mbili, na imenyeshewa. Bado inapiga.

Plaiwudi hii naisifu bila kusita. Skrubu inashika hata karibu na ukingo, na tabaka zake hazina mashimo ya ndani kama plaiwudi ya kawaida, mashimo ambayo huanza kulia besi ikipanda. Ubaya wake ni kwamba uso unachanika nyuzi ukikata kwa msumeno butu. Bandika mkanda wa karatasi juu ya mstari kabla ya kukata. Na si nyepesi: kasha tupu lilifika kilo 16 hivi kabla sijafunga wufa.

Vipimo vya ndani ni sentimita 36 kwa 34 kwa 58, karibu lita 71. Usizihesabu zote. Wufa, bomba la hewa (linalotokea nje kwenye tundu la kasha) na taruma, yaani mbao za ndani za kukaza kasha, vilikula kama lita 9, na wufa yangu ilitaka 62. Hesabu nilifanya kwa vipimo vya Thiele na Small, namba zinazoeleza tabia ya wufa, vilivyokuja nayo. Bomba nililiacha refu kidogo kwa makusudi, kwa sababu kulipunguza ni rahisi, na ukilipunguza, mlio ambao kasha limepangiwa unakuwa wa juu zaidi.

Sasa taruma, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Baada ya kuunga pande nne na mgongo, nilibisha ubavu kwa kifundo cha kidole. Ukajibu "bumm", kama ngoma. Ubao unaojibu hivyo unaimba wimbo wake wenyewe juu ya muziki wako, na nguvu ya wufa inapotelea humo. Nikaweka taruma mbili za kutoka ubavu hadi ubavu na moja ya kushika mgongo, zote kwa gundi, wala sikuziweka katikati kamili, ili vipande vya ubao vinavyobaki visilingane na kutetemeka pamoja. Nikabisha tena: "ko", kavu na fupi. Ningekuwa na ubao mnene zaidi bila taruma, nisingepata jibu lile.

Maungio nilichonga mfuo wa milimita 6, gundi nyeupe ya mbao, skrubu za kushikilia tu, nikaacha saa 24. Kisha pembe zote za ndani nikazikalafati kwa gundi na vumbi la msumeno. Kujaribu uvujaji, niliziba tundu la hewa kwa kitambaa, nikapiga mlio mmoja wa hezi 40 kwa sauti ya wastani, nikapitisha kijiti cha udi taratibu kandokando ya kila ungio. Moshi ulicheza sehemu moja tu, kwenye bamba la soketi ya waya kule nyuma. Mkanda mwembamba wa sponji chini ya bamba ukamaliza kazi.

Wufa usiifunge kwa skrubu za mbao kama itapiga jukwaani. Mtetemo huzilegeza, na ukizikaza mara tatu nne tundu limeshaliwa. Nilitumia boliti za milimita 6 na nati zenye meno ya kung'ata mbao kwa nyuma. Nati hizo zivute kwa boliti na washa (kipete bapa cha chuma) mpaka zizame, halafu uzitie gundi ya epoksi pembeni. Moja sikuitia gundi. Ilichomoka nilipokuwa nakaza, ikaruka ikanata kwenye sumaku, nikalazimika kuitoa wufa nzima.

Jambo ambalo watu hulisahau kwenye kasha lenye tundu la hewa: noti zikishuka chini ya mlio ambao kasha limepangiwa, hewa ya ndani haiishikilii tena wufa, nayo hupiga hatua ndefu kupita kiasi mpaka ikaharibika. Nimekata masafa hayo kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, na siyafungui kwa mtu yeyote, hata mpiga besi akinisihi.

Rangi nilipaka ya polyurethani yenye chengachenga, koti tatu, na pembe nane zikavishwa chuma. Mvua ile iliteleza tu.

Kasoro iliyobaki ni mishikio. Niliitoboa katikati ya mbavu kabla ya kufunga wufa, kumbe sumaku inavuta uzito mbele, hivyo kasha huinama kifuani kwa anayebeba. Kasha la pili nimelijenga kwa vipimo vilevile, nikafunga wufa kwanza, nikalilaza juu ya kipande cha bomba mpaka likatulia sawasawa, ndipo nikachora alama za mishikio.