Stopa za nyuma kwa gari lililoinuliwa: uliza urefu wa kubanwa kabla ya kulipa

Shokapu mpya ikianza kuvuja mafuta miezi michache baada ya gari kuinuliwa, lawama zote humwangukia aliyeitengeneza. Mara nyingi kosa liko kwenye stopa, ile raba iliyofungwa chini ya chasisi, juu ya ekseli ya nyuma, ambayo hakuna aliyeiangalia siku gari lilipoinuliwa.

Gari likiinuliwa inchi 2, ekseli hukaa takriban milimita 50 chini zaidi, ila stopa imebaki palepale ilipowekwa kiwandani. Shokapu ndefu iliyokuja na seti ya kuinulia ina mwili mrefu zaidi hata ikiwa imejifunga kabisa. Kwa hiyo gurudumu likiingia shimoni kwa kasi, pistoni hugonga kitako cha shokapu kabla ekseli haijaifikia raba. Kishindo chote kinabebwa na boliti za shokapu: sili huachia, jicho la shokapu hukatika, au kishikio chake hung'oka pamoja na kipande cha chasisi.

Wanunuzi wengi wanalijua hilo na wananunua stopa ndefu zaidi. Tatizo ni kipimo wanachotumia. Kila tangazo linakupa urefu wa stopa ikiwa huru, imelala mezani. Kinachookoa shokapu ni urefu unaobaki stopa ikiwa imebanwa hadi mwisho, na hicho ndicho kipimo wauzaji hawakiandiki. Muuzaji anayeandika "inchi 3, inafaa magari yote yaliyoinuliwa" hajakuambia chochote cha kukusaidia, na ukimuuliza inabanwa mpaka milimita ngapi anakutajia rangi zilizopo. Kuna pia mchezo wa picha kuonyesha stopa mbili huku bei ikiwa ya moja. Soma maelezo ya idadi kabla ya kulipa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Ekseli ikiwa imepanda mpaka mwisho unaoruhusiwa, nafasi kati ya kishikio cha stopa kwenye chasisi na kikalio chake juu ya ekseli ni milimita 65. Una stopa mbili, zote za milimita 75 zikiwa huru. Ya plastiki ngumu ya poliurethani inabanwa mpaka 55, hivyo inahitaji kipande cha kuongezea urefu cha milimita 10. Ya raba yenye uwazi ndani inabanwa mpaka 30, hivyo inahitaji kipande cha 35. Ukiifunga hiyo ya pili bila kipande, ekseli itapita mpaka wake kwa milimita 35 na shokapu itakufa kana kwamba hukununua kitu. Ukiifunga na kipande chake, itaanza kufanya kazi milimita 45 kabla ya mwisho, wakati ile ngumu inaanza milimita 20 tu kabla. Moja inasimamisha ekseli taratibu, nyingine kama ukuta.

Ndiyo maana raba yenye uwazi ndani naiweka namba moja, na katika hizo naipendelea chapa ya Timbren waziwazi. Inaanza laini, inakaza kadiri inavyobanwa, na inavumilia kuguswa muda mrefu gari likiwa na mzigo. Haina gesi wala sili ya kuharibika. Bei yake inauma, na sioni sababu raba mbili na vipande viwili vya chuma viuzwe ghali kiasi hicho, lakini bado ndiyo ninayoishauri kwa gari linalobeba mizigo na kwenda njia mbaya. Angalia jambo moja: ikibanwa inatanuka pembeni. Ikiwa stopa ya gari lako inakaa ndani ya springi ya koili, pima kipenyo cha ndani cha springi na uhakikishe raba iliyovimba haiumwi na koili. Ikiumwa, inakatwa vipande taratibu.

Ya pili ni povu la poliurethani, kama DuroBumps. Linabanwa sana bila kuvimba pembeni, kwa hiyo ndani ya koili linashinda raba, na kwa gari jepesi lisilobeba mizigo mizito linaweza kushika nafasi ya kwanza. Udhaifu wake ni kuchanwa na mawe na kukaa kwenye matope siku nyingi. Kikalio chake kiwe bapa na kisicho na ncha kali.

Ya tatu ni stopa za haidroli zenye gesi ya nitrojeni, kama za Fox na King. Kwa anayeruka matuta kwa kasi hakuna kinachozishinda. Kwa wengine wote ni kazi kubwa: mkebe wake unachomelewa kwenye chasisi, kikalio kinaimarishwa, gesi inapimwa, na lazima igongwe wima. Ikigongwa kwa mshazari, fimbo inasukumwa upande na sili inakwisha.

Poliurethani ngumu, ya Energy Suspension au ya Daystar, inafaa pale nafasi ilipo finyu tu; inapitisha kishindo kwenye chasisi. Stopa ya kiwandani juu ya kipande cha kuongezea inatosha kwa gari lililoinuliwa kidogo. Raba za bei ya chini zisizo na jina, ziache.

Sasa vipimo, na hapa usikadirie. Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele, inua nyuma na uegemeze chasisi kwenye stendi. Fungua ncha moja ya shokapu, toa springi za koili, halafu pandisha ekseli kwa jeki ya magurudumu iliyowekwa chini ya difu. Kwa springi za majani, punguza majani ili ekseli ipande bila kulinyanyua gari. Ibane shokapu mpaka mwisho, pima kutoka jicho hadi jicho, kisha ongeza milimita 12 za usalama. Ekseli isipande kupita hapo. Hakikisha pia tairi haligusi tao la bodi, bomba la breki halibanwi, na propela haigusi kitu. Kitakachogusa kwanza ndicho kinachoamua mwisho, si lazima kiwe shokapu. Pima nafasi ya kishikio hadi kikalio katika hali hiyo, kila upande.

Rudia kipimo upande mmoja ukiwa juu kabisa na mwingine umening'inia. Hatua hii hurukwa hata na mafundi wazuri. Stopa nyingi hukaa ndani zaidi kuliko gurudumu, na shokapu ikiwa nje yake, ekseli huegemea stopa kama bembea na upande wa shokapu unaendelea kupanda. Shokapu iliyokuwa salama ekseli ikipanda sawasawa inaweza kugonga mwisho hapo. Tumia kipimo kikubwa kati ya viwili.

Kama muuzaji hana urefu wa kubanwa, ibane stopa kwenye presi ya gereji, angalau kwa mara mbili ya uzito unaobebwa na gurudumu moja la nyuma gari likiwa na mzigo. Utaona mahali ambapo kila milimita inadai nguvu nyingi ghafla; chukua kipimo hapo. Simama pembeni, raba iliyoteleza inaruka.

Kipande cha kuongezea kiwe cha alumini, chuma au nailoni ngumu, kimoja kizima chenye upana wa kitako cha stopa. Usipange washa nyingi juu ya nyingine. Zinajikunja na boliti inapinda. Boliti iwe ya daraja 8.8, na uzi ulioingia usipungue mara moja na nusu ya kipenyo chake, yaani milimita 15 kwa M10, boliti ya kipenyo cha milimita 10. Kaza M10 ya chuma kwa takriban Nm 45 (nyutoni-mita, kipimo cha spana ya toki) na M8 kwa Nm 25, ukitumia gundi ya nyuzi. Stopa ambayo boliti yake imeshikana na raba usiizungushe kwa kushika raba, na usiikaze kwa nguvu hizo. Fuata kipimo cha aliyeitengeneza na zungusha nati tu. Ukilazimika kuchomelea, tenganisha betri, sogeza bomba la breki na waya wa ABS, na raba iwe mbali.

Usipange kikalio gari likiwa limesimama kawaida. Kwenye koili, fimbo ya Panhard, ile inayounganisha ekseli na chasisi kwa upana, huvuta ekseli upande mmoja gari likiinuliwa, na ekseli ikipanda hurudi karibu na katikati. Kwenye springi za majani, ekseli husogea nyuma majani yanaponyooka. Kwa hiyo paka grisi kwenye kikalio, pandisha ekseli, na uone alama inatua wapi. Ikiwa imepotoka zaidi ya milimita 10, hamisha kikalio.

Rudisha springi na shokapu, funga tai ya plastiki ya nyaya kwenye fimbo ya shokapu na uisukume mpaka kwenye mwili wake. Kama shokapu ina kifuniko cha vumbi, kivue kwanza. Endesha njia mbaya gari likiwa na mzigo wa kawaida, kisha angalia tai ilipofika. Ikibaki chini ya milimita 10 kabla ya mwisho wa fimbo, ongeza kipande. Ikibaki zaidi ya 30 na nyuma inarusha, kipande ni kirefu mno na stopa inashika mapema. Baada ya kilomita 500, rudi chini ya gari na kaza boliti zote upya.